Uzi wa wanaokusanya sare na alama za 1. Garde-Regiment zu Fuß (walinzi wa mfalme wa Prussia, Potsdam): tuanze na bitana

Fundi Koti:

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 17 Berlin nikirekebisha nguo za watu. Nje ya kazi nakusanya sare na alama za rejimenti moja tu: 1. Garde-Regiment zu Fuß, rejimenti ya kwanza ya walinzi wa miguu wa mfalme wa Prussia. Kambi yake ilikuwa Potsdam, mji wa jirani na hapa ninapoishi. Humu jukwaani nimeona watu wakiuliza kuhusu kofia za mwiba na vifungo vya enzi ya Mjerumani, wakajibiwa mambo ambayo yatawatia hasara. Leo nimekaa chini kuandika ninachokijua. Ni ndefu, chukueni chai.

Nianze na kilichonifanya niandike. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Uingereza zililipua Potsdam. Kumbukumbu za jeshi la Prussia zilikuwa zimehifadhiwa mjini humo, na sehemu kubwa mno iliteketea, majalada ya askari yakiwemo. Leo ukiuliza askari fulani alikuwa kombania gani mwaka 1908, mara nyingi hakuna jalada la kufungua. Kilichobaki ni mhuri uliopigwa kwenye bitana ya koti lake, namba iliyogongwa kwenye singe yake, jina lililoandikwa kwa wino ndani ya kofia. Kwa hiyo mtu anayeng'oa bitana kuukuu ili koti lionekane safi, au anayelifua mpaka wino ukaondoka, amechoma jalada ambalo moto wa 1945 uliliacha. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka kwenye jambo hilo.

Historia nitaipitia haraka. Prussia ilipigwa vibaya na Napoleon kule Jena mwaka 1806. Walinzi wa mfalme waliosalia wakakusanywa upya, na mwaka 1813 ilipoundwa rejimenti ya pili, hii ikawa ya kwanza kwa jina. Kila mtoto wa kiume wa ukoo wa kifalme wa Hohenzollern akifikisha miaka 10 aliandikishwa kuwa luteni humo. Askari wake walichaguliwa kutoka Prussia nzima badala ya wilaya moja, na walitafutwa warefu, maana Potsdam ina desturi ya askari warefu tangu enzi za mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza. Tarehe 18 Agosti 1870, pale St. Privat, jeshi la walinzi lilipelekwa kwenye mteremko ulio wazi mbele ya bunduki za Wafaransa, na jioni hesabu ya waliouawa na kujeruhiwa ilikuwa kama watu 8,000. Mwaka 1914 rejimenti ilikwenda vitani ikiongozwa na Eitel Friedrich, mtoto wa Kaisari. Kaisari alipoondoka madarakani Novemba 1918, walinzi nao wakafikia mwisho wao, na mila za rejimenti zikarithiwa na Infanterie-Regiment 9 ya Potsdam.

Sasa koti.

Koti la amani ni la buluu iliyokoza, sufu nzito, vifungo vinane mbele, ukosi mwekundu. Jeshi la Prussia liliingia kwenye mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1840, pamoja na kofia ya mwiba. Kinachomtambulisha mlinzi ni utepe wa ukosini, ambao Wajerumani wanauita Litze. Ni mistari miwili ya utepe iliyolala sambamba kila upande wa ukosi, nyeupe au ya manjano kulingana na rangi ya vifungo. Rejimenti ya kwanza ina vifungo vyeupe, kwa hiyo utepe wake ni mweupe, na kwa maofisa ni nakshi ya nyuzi za fedha. Ukikuta utepe mweupe na vifungo vya shaba kwenye koti moja, simama hapo hapo. Kuna mtu ameubadilisha mmoja wapo.

Kisha tazama mwisho wa mkono. Walinzi hawa wana mkono wa mtindo wa Kiswidi: kitambaa chekundu kimezunguka mkono wote, na vifungo viwili vimekaa ubavuni, kila kimoja kimevalishwa utepe wake. Rejimenti nyingi za kawaida, na Garde-Grenadier (rejimenti nyingine za walinzi) pia, wana mtindo wa Brandenburg, wenye ulimi wa kitambaa uliosimama wima na vifungo vitatu. Mtu anayetaka kuligeuza koti la kawaida liwe la walinzi hawa wa kwanza inabidi avunje mkono wote na kuushona upya. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na huacha alama ambazo fundi yeyote wa mtaani ataziona.

Begani kuna kipande cha kitambaa chenye rangi. Rejimenti ya kwanza nyeupe, ya pili nyekundu, ya tatu manjano, ya nne buluu isiyokoza. Garde-Grenadier nne za mwanzo zinafuata mpangilio huo huo, ila juu yake kuna herufi za jina la mkuu wao wa heshima na taji. Rejimenti ya tano, iliyoundwa mwaka 1897, nayo ni nyeupe. Ndiyo maana nasema rangi peke yake haikupi jibu. Geuza koti ndani. Mhuri wa 1.G.R. ndio unaozungumza. Karibu yake utakuta mwaka, namba za vipimo, na pengine mhuri wa ghala la nguo: B.A. ni ghala, na herufi au namba inayofuata inakuambia ni la jeshi gani. Ghala la walinzi ni B.A.G.

Hapa niseme jambo la ufundi. Askari wa kawaida hakuwa na koti lake. Kombania ilikuwa na seti kadhaa za nguo, iliyo bora kabisa ikitunzwa kwa siku ya vita, nyingine za gwaride, na zilizochakaa zikivaliwa kwenye mazoezi na kazi za kambini. Koti lilishuka ngazi hizo mwaka hadi mwaka mpaka likaisha. Ndiyo sababu koti la afisa ni rahisi kulipata kuliko la askari: afisa alijishonesha kwa fedha yake, akaenda nalo nyumbani, likakaa kabatini. La afisa halina mhuri wa rejimenti, lina kitambulisho cha fundi aliyelishona, na mara nyingine jina la mwenyewe ndani ya mfuko. Nawapenda sana mafundi wale. Nimeona kifua kilichojazwa kwa manyoya ya farasi na kushonwa kwa mkono kwa mishono midogo isiyohesabika, na baada ya miaka zaidi ya 100 bado kimesimama kama kilivyotoka mezani.

Askari mwenye koti lake mwenyewe alikuwepo pia: yule kijana aliyesoma, aliyejitolea kutumikia mwaka mmoja kwa gharama zake. Utamjua kwa kamba nyeusi na nyeupe iliyosokotwa kuzunguka kipande cha begani. Hilo likiwa bila mhuri, usiogope.

Kofia nitaandika kesho, mkono umechoka.


Mtunza Sarafu:

Mkuu, hiki ndicho tunachokitaka humu. Mimi nakusanya heller na rupia za Tabora, na hata huku watu wanasugua sarafu mpaka zinang'aa halafu wanashangaa hakuna anayezinunua. Swali: kwa anayeanza na mfuko mwembamba, aanzie wapi?


Fundi Koti:

Mtunza Sarafu, asante ndugu yangu. Aanze na picha. Askari wa Potsdam walipiga picha studio na kuzituma nyumbani kama kadi, na nyuma yake kuna anwani ya mpiga picha, mwaka, na mara nyingi mwandiko wa askari mwenyewe. Picha itakufundisha jinsi nguo ilivyovaliwa kweli, na ni rahisi sana ukilinganisha na koti. Baada ya hapo vifungo, kisha vipande vya begani, kisha bizimu ya mkanda yenye taji na maneno GOTT MIT UNS, Mungu yu pamoja nasi. Bizimu ya kabla ya vita ni ya shaba yenye duara jeupe katikati. Kuanzia 1915 zikawa za chuma kilichopakwa rangi ya kijivu.

Vikombe vya udongo vya askari waliomaliza utumishi ni vizuri kwa sababu vina jina, kombania na miaka. Askari wa miguu alitumikia miaka miwili tangu 1893, kwa hiyo ukiona kikombe cha askari wa miguu kilichoandikwa 1905–08, kipe maswali. Na ukikiinua kwenye mwanga ukaona chini kuna picha ya mwanamke aliye uchi, kirudishe rafuni. Hizo zilitengenezwa baadaye sana kwa ajili ya watalii.


Kombania ya Pili:

Nimesoma yote, na uandishi wako ni mzuri, lakini lazima niseme. Hawa ndio waliotuletea kitanzi na moto wakati wa Majimaji. Mtanzania kukusanya nguo za walinzi wa Kaisari kunanikaa vibaya kifuani. Nieleweshe.


Fundi Koti:

Kombania ya Pili, swali lako ni la haki na nimelibeba muda mrefu kuliko unavyodhani.

Rejimenti ya Potsdam kama rejimenti haikuvuka bahari kuja kwetu. Waliokuja ni maofisa na masajini waliojitolea kutoka rejimenti mbalimbali, wakaandikwa kwenye jeshi la koloni. Lakini uhusiano upo, siwezi kusema haupo. Lettow-Vorbeck, yule aliyeipitisha vita yake juu ya mashamba ya watu kuanzia Tanga hadi ng'ambo ya Ruvuma, alianza utumishi katika rejimenti ya nne ya walinzi hawa hawa. Na sare ya kijivu ya maofisa wa koloni ilibeba utepe ule ule wa walinzi ukosini. Nilipoijua hiyo, niliacha kuutazama utepe kama pambo.

Mimi sivai nguo hizi. Sizitundiki ukutani. Zimelala kwenye masanduku, na nikimwonyesha mtu namwonyesha zikiwa mezani, zimegeuzwa ndani nje. Nilichokitaka ni kuweza kuzisoma. Bibi yangu alikuwa na kifungo cha shaba chenye taji alichokiokota shambani, na nilipokuwa mtoto hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeweza kuniambia kilikuwa cha nani. Nimekuja huku nikakuta maktaba nzima za watu wanaojua kila mshono wa jeshi hilo, na katika miaka yangu yote sijakutana na Mswahili mwenzangu meza moja nao. Jeshi lililotutawala tuliacha wengine watusomee nguo zake. Hilo ndilo linalonikaa mimi kifuani.


Binti Lindi:

Umenigusa kaka. Sisi wa Lindi mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyochimbwa 1909 hadi 1913 bado iko huko huko Berlin.


Fundi Koti:

Dada, nimekwenda kuiona zaidi ya mara moja. Imesimama zaidi ya mita 13, na kila nikifika nasoma kibao mpaka nione neno Tendaguru ndipo naondoka.

Haya, kofia kama nilivyoahidi.

Kofia ya mwiba, Pickelhaube, watu wengi wanadhani ni ya chuma. Ni ya ngozi, imechemshwa, imefinyangwa na kupakwa vanishi mpaka inang'aa. Mbele kuna tai. Kofia ya rejimenti ya kawaida ina tai wa aina moja. Ya walinzi ina tai aliyetandaza mabawa, na kifuani kwake kuna nyota ya nishani ya Tai Mweusi yenye maneno SUUM CUIQUE, kila mtu na chake. Kwa rejimenti ya kwanza metali yote ni nyeupe. Nyota ya askari imegongwa kwa metali tu, ya afisa ina rangi za enameli katikati.

Sasa mitego.

Wa kwanza, jina. Kuna Grenadier-Regiment 12 za kawaida na Garde-Grenadier 5. Grenadier-Regiment Nr. 1 ilikuwa ya Königsberg na haikuwa ya walinzi wa mfalme hata kidogo, ila muuzaji anaona neno Grenadier na namba 1, anaandika walinzi. Na utepe wa ukosini nao haukuwa wa walinzi wa Prussia peke yao: Leibgarde ya Hessen Nr. 115 walikuwa nao, na Leib-Grenadier wa Baden Nr. 109 pia. Baada ya vita jeshi jipya la Ujerumani likaugawa utepe kwa karibu kila askari, kwa hiyo dunia imejaa tepe za miaka ya 1920 na 1930 zinazosubiri kushonwa kwenye ukosi usio wao.

Wa pili, matundu. Tai wa askari kwenye kofia za 1895 na kuendelea anashikwa kwa vitanzi viwili vinavyopenya ngozi, kisha ndani kuna vipande vidogo vya ngozi vinavyozuia visitoke. Vua kitambaa cha ndani taratibu, hesabu matundu. Yakiwa manne, tai uliyemwona si tai wa kwanza kukaa pale.

Wa tatu, vidude vya rangi pembeni. Mwaka 1897, kutimiza miaka 100 tangu azaliwe Kaisari Wilhelm wa Kwanza, askari wote walipewa kidude cha dola chenye nyeusi, nyeupe na nyekundu, kikakaa upande wa kulia. Cha Prussia, nyeusi na nyeupe, kikahamia kushoto. Kofia yenye mhuri wa 1890 na vidude viwili si lazima iwe bandia, inaweza kuwa iliongezewa ikiwa bado kazini. Kofia yenye mhuri wa 1910 na kidude kimoja imepoteza kitu.

Wa nne, maneno SEMPER TALIS, daima vile vile. Ni kaulimbiu ya rejimenti ya kwanza, na wengi hawajui kwamba kikosi cha heshima cha jeshi la Ujerumani la leo, kile kinachowapokea marais, kimeirithi. Kwa hiyo beji mpya zenye maneno hayo zinatengenezwa kila mwaka. Nimeziona zikiuzwa kwa bei ya vitu vya Kaisari.

Kofia ndefu za gwaride, zile zenye bamba la metali mbele kama mnara, sitazungumzia kununua. Zilianza mwaka 1824 kwa kuiga walinzi wa Pavlovsky wa Urusi, na mwaka 1894 Kaisari Wilhelm wa Pili alipoipa rejimenti kofia mpya, zile kuukuu zikaenda kwa rejimenti ya Kaiser Alexander. Ziko chache, na za uongo ni nyingi. Nenda makumbusho ukazione, kaa nazo saa nzima, utarudi umeshiba.


Jirani wa Spandau:

Fundi, na sare za kijivu za vita? Mimi niko hapa Spandau, kwenye soko la Jumapili nakutana nazo zaidi kuliko za buluu.


Fundi Koti:

Karibu jirani. Koti la kijivu liliidhinishwa miaka michache kabla ya vita, na mtindo unaoitwa wa 1910 bado una fahari ya zamani: mistari myekundu kwenye mikunjo, mkono wa Kiswidi, utepe ukosini na mikononi. Vita ikawa ndefu, sufu ikapungua, mwaka 1915 ukaja mtindo mwepesi wenye vifungo vilivyofichwa nyuma ya ukanda wa kitambaa. Huo utepe wake uko ukosini tu. Ukiona koti la 1915 lenye utepe mikononi, kuna fundi aliyeingia baada ya vita.

Kofia nazo zinakusomea jinsi nchi ilivyobanwa. Ngozi nyingi ilitoka Amerika Kusini, na meli za Waingereza zilipofunga njia, zikatengenezwa kofia za sufu iliyogandamizwa, za bati, hata za gome laini linalotumika kuzibia chupa. Mfuko wa kitambaa uliovalishwa juu ya kofia vitani ulikuwa na namba ya rejimenti mbele. Ya walinzi haikuwa na namba. Namba ya 1 kubwa nyekundu kwenye mfuko si ya Potsdam, usishawishike. Mwaka 1916 ikaja kofia ya chuma, ikaanza kuvaliwa Verdun, na mwiba ukapotea kwenye mahandaki.


mgeni_2:

Habari, mimi mgeni. Umewahi kutapeliwa mwenyewe?


Fundi Koti:

Ndiyo, na iliniuma sana, nitakuambia yote.

Mwaka wa tatu wa kukusanya nilinunua koti la buluu la askari, lenye utepe mweupe, kwa fedha ya miezi mitatu ya kuweka kidogo kidogo. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, meza yake imepangwa vizuri. Nililitazama nje dakika 40. Ndani nikatazama dakika mbili, kwa sababu watu walikuwa wamesimama nyuma yangu na niliogopa wasilichukue.

Nilipofika nyumbani nikalilaza chini ya taa ile ya kukagulia noti, ya zambarau. Koti zima likabaki jeusi, kama inavyotakiwa sufu ya zamani. Mishono ya utepe ikawaka nyeupe kama theluji. Uzi wa kabla ya vita hauwaki hivyo, unaowaka umetiwa dawa za weupe zilizokuja baadaye. Nikachukua sindano nikainua pembe moja ya utepe. Ukosi mwekundu uliofunikwa kwa miaka 100 unatakiwa uwe umekoza chini ya utepe kuliko pembeni, kwa sababu jua halikuufikia. Chini ya utepe ule rangi ilikuwa imefifia sawasawa na kwingine kote. Nikachoma kipande kidogo cha uzi. Kikayeyuka, kikawa tone gumu. Pamba na kitani haviyeyuki.

Nikageuza mkono, na kwenye bitana nikaona mahali palipokwaruzwa kwa kitu chenye makali. Mhuri ulikuwa umefutwa, imebaki nusu ya herufi. Mkono wenyewe ulikuwa wa Brandenburg uliovunjwa na kushonwa upya, na ulimi wake umekatwa. Askari fulani wa rejimenti ya mkoani alivaa koti lile, na mtu akaja kulifutia jina lake ili lipande bei.

Muuzaji alikataa kulirudisha. Nilifumua utepe ule wote usiku ule ule. Koti bado ninalo. Nimeliandikia karatasi inayosema kila kilichofanywa juu yake, nimeikunja mfukoni, ili atakayelipata baada yangu asiuziwe tena kama nilivyouziwa. Tangu siku hiyo natazama ndani kwanza, na anayeharakisha mwache alinunue yeye.


Mtunza Sarafu:

Karatasi mfukoni, hiyo naichukua. Na kuhusu kutunza? Pwani unyevu unaua kila kitu.


Fundi Koti:

Adui wa kwanza ni nondo. Mkubwa anayeruka hali kitu, anayekula ni kiwavi wake, na anapenda jasho na chakula kilichoganda kwenye sufu. Koti jipya likiingia kwangu, kabla halijakutana na mengine, nalifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuliweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, usifungue mfuko mpaka lizoee joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya kitambaa. Dawa za vidonge vyeupe vya kabatini sizitumii, harufu haitoki na zinaweza kuharibu metali.

Usitundike kwenye hanga ya waya. Mabega yanabeba uzito wote na mshono unachoka. Laza, jaza mikono kwa karatasi isiyo na asidi, zuia jua. Kofia iweke juu ya kitu cha duara kinachoibeba kutoka ndani, maana ngozi ikikauka inajikunja na vanishi inapasuka kama tope la kiangazi. Kuna kutu ya kijani inayoota pale shaba inapogusa ngozi. Iondoe kwa kijiti cha mbao, taratibu. Mafuta ya ngozi, usipake kamwe. Na metali usiisugue. Rangi ya uzee kwenye kifungo ndiyo ushahidi kwamba kilikuwepo pale muda wote.

Huko pwani, bila chumba kikavu, ningeshauri ukusanye picha na metali, sufu uiache.


Kombania ya Pili:

Nimerudi. Sijabadili moyo kuhusu Kaisari, lakini hoja ya nguo kusomwa na wengine nimeikubali. Endelea.


Fundi Koti:

Asante kwa kurudi, mkuu. Sikutarajia ubadili moyo, na mimi sijabadili wangu juu yake.


Binti Lindi:

Fundi, nimesubiri mwisho. Nyumbani kwetu kuna kifungo. Babu mzaa baba alikipata upande wa Mahiwa, kule walikopigana Oktoba 1917. Kina taji. Mama alitaka kukisafisha kwa ndimu na jivu nikamzuia baada ya kusoma hapa. Kinaweza kuwa cha hawa walinzi wako?


Fundi Koti:

Dada, mpe mama shikamoo yangu na umwambie ndimu ibaki jikoni.

Cha walinzi wa Potsdam, sidhani. Mahiwa walipigana askari wa jeshi la koloni, na vifungo vyao vilikuwa na taji la Kaisari. Vifungo vya Prussia, vile vyenye taji, vina taji la mfalme. Yanatofautiana. La mfalme ni la duara, matao yake yamekutana juu penye mpira na msalaba. La Kaisari lina vipande bapa vilivyosimama mbele kama ukuta, na nyuma zinaning'inia tepe mbili. Taji hilo la Kaisari halikuwahi kutengenezwa kwa dhahabu, lilibaki mchoro na kielelezo, lakini kwenye vifungo lilifika mpaka kwenu. Kwa hiyo tazama kama unaona tepe.

Ila kabla ya taji nataka kuona upande wa nyuma. Kuna kitanzi cha kushonea: ni cha waya uliopindwa au kimegongwa pamoja na kifungo? Kimezungukwa na herufi zozote? Kwenye kitanzi kumebaki hata nyuzi mbili tatu? Zikiwepo usizivute, hizo zinaweza kuwa za koti lenyewe. Kiweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, asubuhi, bila kuwasha taa ya simu, na weka rula pembeni ili nijue upana.

Picha ya nyuma kwanza. Ya mbele tutaitazama baadaye.